Grisi Inayovuja Kwenye Ekseli: Iangalie Mapema, Iandike Mapema

(Mazungumzo yaliyotolewa katika mkutano wa madereva, matanboi na makanika wa Chama. Yamepigwa chapa hapa kwa faida ya wanachama ambao hawakuweza kuhudhuria.)



Katika mikutano yetu tumezoea kusema juu ya mishahara, likizo, nyumba na saa za kazi, na mambo hayo ni ya lazima. Leo nimeombwa niseme juu ya kitu kilicho chini ya gari: grisi inayotoka kidogo kidogo kwenye buti ya ekseli ya pikapu.

Huenda mtu akauliza, Chama kina habari gani na grisi? Jibu langu ni hili. Grisi hiyo ikiachwa, mwisho wake ni kiungo kilichovunjika. Kiungo kikivunjika, mtu wa kwanza kutafutwa mara nyingi ni dereva, na kitu cha kwanza kuguswa ni mshahara wake. Tena kabla ya mshahara kuna uhai: wa dereva, wa tanboi, na wa watu wanaopita barabarani. Basi yatupasa kujua mambo mawili. La kwanza, namna ya kuitazama grisi hiyo na kuitengeneza ingali kitu kidogo. La pili, namna ya kuiandika ili asiwepo mtu wa kutusingizia baadaye.

KITU CHENYEWE NI NINI

Pikapu nyingi za siku hizi zinazovuta kwa magurudumu manne zina shafti mbili mbele, moja kwa kila gurudumu. Shafti hiyo hutoka kwenye difu na kuingia gurudumuni, na sisi twaiita ekseli. Gurudumu la mbele lina kazi tatu kwa wakati mmoja: lazunguka, lapanda na kushuka kwa ajili ya mashimo, na lapinda kulia na kushoto. Chuma kilichonyooka hakiwezi kufanya hayo yote. Kwa hiyo kila ekseli ina viungo viwili, kimoja ndani karibu na difu na kimoja nje karibu na gurudumu. Makanika huviita sivi jointi.

Kiungo cha nje kwa kawaida kina gololi sita za chuma, nazo hukimbia ndani ya mifereji sita. Umbo hilo lilibuniwa na mhandisi Alfred Rzeppa katika miaka ya 1920, na mpaka leo msingi wake ni ule ule. Gololi hizo hubeba nguvu yote inayolisukuma gurudumu. Kinachozuia chuma kisile chuma ni utando mwembamba wa grisi, basi.

Na kinachoishika grisi hiyo ni buti. Buti ni mfuko wa mpira, au wa plastiki laini, wenye mikunjo kama mivukuto ya mhunzi. Umefungwa kwa klipu mbili: kubwa upande wa kiungo, ndogo upande wa shafti. Buti huzuia grisi isitoke. Pia huzuia vumbi, maji na mchanga visiingie, na kazi hii ya pili ndiyo kubwa zaidi. Grisi iliyopungua yaweza kuongezwa. Lakini mchanga ukiingia, grisi yote hugeuka kuwa kama msasa, nazo gololi hujisaga zenyewe kila gurudumu linapozunguka. Mtu aendeshaye katika mchanga wa Turkana au katika matope meusi ya uwanda wa Athi ajua vitu hivyo havichagui mahali pa kuingia.

Jambo jingine la kukumbuka: katika pikapu nyingi ekseli za mbele huzunguka hata kama hukutia gia ya magurudumu manne. Kwa hiyo usijifariji ukisema, "Mimi naendesha lami tu." Buti iliyopasuka hutupa grisi kwenye lami vile vile.

Hata ndugu zetu wa Probox na wasikilize. Gari hilo huvutwa na magurudumu ya mbele, na viungo na buti ni hivyo hivyo.

KWANZA JUA KILICHOVUJA

Si kila kitu cheusi chini ya gari ni grisi ya kiungo. Chukua kitambaa safi au karatasi nyeupe, upanguse kidogo, kisha utazame kwenye mwanga.

Grisi ya kiungo ni nzito na nyeusi au kijivu, na hung'ang'ania kidole. Haitiririki. Oili ya difu ni nyepesi zaidi, hutiririka, na ina harufu kali ya kiberiti. Hutoka kwenye sili pale shafti inapoingia difu. Ukiiona, tatizo lako ni sili, na kubadilisha buti hakutakusaidia. Oili ya shokabsoba hubaki kwenye shokabsoba yenyewe na kushuka chini. Oili ya breki ni nyepesi sana, yateleza vidoleni, na huondoa rangi ya gari. Ukiona hiyo ndani ya gurudumu, gari lisimame hapo hapo mpaka fundi aje. Hapo hakuna habari ya kuvumilia.

Sasa tuseme umehakikisha kwamba ni grisi. Imetoka wapi? Shafti huzunguka, na kitu kinachozunguka hurusha kilicho juu yake, kama gurudumu la baiskeli lililotoka majini. Grisi ikitoka, hurushwa na kuchora mstari upande wa ndani wa rimu, au kwenye mkono wa gurudumu, au kwenye shokabsoba. Tafuta mstari huo, kisha tazama ng'ambo yake kwenye shafti. Hapo ndipo inapotoka.

USIINGIE CHINI YA GARI BILA HAYA

Kabla ya kutia kichwa chini, simamisha gari mahali palipo sawa, zima injini, vuta breki ya mkono, na tia mawe au magogo kwenye magurudumu yanayobaki chini. Inua kwa jeki, kisha utie stendi mahali pa nguvu. Kazi ya jeki ni kuinua tu. Jeki yaweza kushuka yenyewe au kuteleza, na pikapu ni mzigo wa zaidi ya tani moja. Tanboi asikubali kusukumwa chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata akiambiwa ni kazi ya dakika mbili.

Ukiwa na stendi, pinda gurudumu upande mmoja mpaka mwisho, ili mikunjo ya buti ifunguke. Zungusha gurudumu pole pole kwa mkono, tazama kila mkunjo, na uubonyeze kwa kidole. Ufa mdogo hujificha ndani ya mkunjo na hufunguka buti inapovutwa. Kisha pinda upande wa pili ufanye vivyo hivyo. Usisahau buti ya ndani, kwa maana wengi hutazama ile ya nje tu.

Baada ya kutazama hivyo, utakuwa na moja katika mambo matatu.

JAMBO LA KWANZA: MPIRA NI MZIMA, GRISI YATOKA KWENYE KLIPU

Hili ndilo dogo, nalo ndilo linalofaa kukamatwa. Pangusa grisi yote, kwenye buti, kwenye shafti na kila ilikorukia. Andika kilomita za gari. Fanya kazi yako ya kawaida kwa siku mbili, kisha utazame tena. Ikiwa buti ilitiwa juzi, huenda ni grisi ya ziada iliyokuwa ikitafuta njia, na ikitoka hukoma. Lakini ikiwa grisi imerudi mahali pale pale, klipu imelegea.

Klipu hulegea kwa sababu nyingi. Yaweza kuwa imekula kutu, au mpira umezeeka na kukakamaa, au aliyeifunga hakuwa na koleo lake. Na kuna sababu moja inayoonekana sana kwetu: pikapu imeinuliwa kwa kutiwa springi ndefu ili ipite mashimo. Ikiinuliwa, ekseli husimama kwa pembe kali zaidi. Mikunjo ya buti hubanana upande mmoja na kuvutwa upande wa pili, na mdomo mdogo wa buti hufunguliwa kidogo kila inapozunguka. Kiungo nacho hupata moto, hewa iliyo ndani hutanuka, na grisi husukumwa nje. Klipu mpya itasaidia, lakini mwenye gari aambiwe kwamba kuinua gari kuna gharama yake.

Dawa ni klipu mpya. Toa ile ya zamani, pangusa mdomo wa buti na shafti mpaka pakauke kabisa, kwa sababu mpira ukikaa juu ya grisi huteleza. Rudisha mdomo kwenye mfereji wake. Kabla ya kukaza, ingiza bisibisi ndogo isiyo na ncha kali chini ya mdomo, toa hewa iliyobanwa ndani, kisha uichomoe. Funga klipu kwa koleo lake. Kama hakuna klipu ya kubanwa, klipu ya skrubu kama ile ya mpira wa rejeta yaweza kutumika kwenye mdomo mdogo. Ila zungusha gurudumu mzima mzima uhakikishe kichwa cha skrubu hakigongi kitu, na usikaze mpaka ukate mpira.

Msitumie waya. Waya hukata buti, na mtakuwa mmeugeuza mvujo kuwa mpasuko. Tepu nayo haishiki juu ya grisi.

JAMBO LA PILI: MPIRA UMEPASUKA, LAKINI HAKUNA MLIO

Hapa klipu haitoshi. Buti yenyewe lazima ibadilishwe, na mapema. Kama uko safarini mbali na karakana, pangusa mpasuko, kisha ufunge kwa ukanda wa tyubu ya gurudumu, ule ule tunaofungia mizigo. Ukanda huo utazuia vumbi kwa muda mpaka ufike, lakini usiuhesabu kuwa matengenezo. Endesha pole pole, usipinde usukani mpaka mwisho huku ukikanyaga mafuta, na uepuke maji na matope. Kama pikapu yako ni ya zile zenye habu za kugeuzwa kwa mkono, zilizoandikwa FREE na LOCK, zigeuze ziwe FREE. Hapo ekseli za mbele hazitazunguka, na kiungo kitapumzika. Lakini ukumbuke kwamba hutaweza kuvuta kwa magurudumu manne mpaka uzirudishe.

Karakanani kazi yenyewe ni hii. Shafti itolewe, kiungo kifunguliwe, na grisi yote ya zamani ioshwe kwa mafuta ya taa mpaka chuma king'ae, kisha kikaushwe. Makanika atazame gololi na mifereji. Akikuta alama za kung'olewa, au shimo linaloshika ukucha, kiungo kimekwisha na buti mpya haitakiponya. Akikuta chuma laini, atie grisi mpya. Iwe grisi ya sivi jointi, ile nyeusi yenye molibdeni, na si grisi yoyote iliyobaki kopo. Mfuko wa grisi unaokuja pamoja na buti umepimwa, utiwe wote. Kutia nusu ni kumwibia mwenye gari, na kutia mara mbili ni kuipasua buti kwa ndani.

Klipu za zamani zisirudishwe. Nati kubwa ya habu ikazwe kwa kipimo cha kiwanda, na ifungwe kwa pini au namna iliyowekwa. Tena gari lisisukumwe huku shafti imetolewa, kwa kuwa katika magari mengi shafti hiyo na nati yake ndizo zinazoishika beringi ya gurudumu pamoja.

Mafuta ya taa yaliyooshea grisi yasimwagwe chini wala mtaroni. Na mikono isioshwe kwa petroli. Sabuni na unga wa mbao hutosha, na ngozi yako haina spea.

JAMBO LA TATU: KUNA MLIO

Ukipinda usukani sana huku ukiondoka, ukasikia tak-tak-tak upande wa gurudumu, kiungo cha nje kimelika. Ukikanyaga mafuta gari likatetemeka, au likagonga mara moja unapoachia na kukanyaga tena, tazama kiungo cha ndani. Mlio ukianza, wakati wa klipu umepita na wakati wa buti pia umepita. Kiungo kibadilishwe, au shafti nzima. Kiungo kikivunjika safarini, gurudumu hilo hukosa nguvu, na vipande vinavyozunguka vyaweza kupiga mpira wa breki. Hapo ndipo grisi ile ndogo ya juzi inapofika.

Basi angalieni wenyewe hesabu yake. Klipu ni rahisi kuliko buti, buti ni rahisi kuliko kiungo, na kiungo ni rahisi kuliko gari lililolala mtoni na mzigo wake. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

TAZAMA BREKI KILA MARA

Katika mambo yote matatu, usiondoke bila kutazama diski na pedi za breki upande ule. Grisi ikiruka kwenye diski, gari litavuta upande mmoja unapofunga breki, au halitasimama ulipotaka. Diski husafishwa. Pedi zilizolowa grisi haziponi kwa kupanguswa; zibadilishwe, na zibadilishwe pande zote mbili.

LANDCRUISER NA LORI KUBWA

Wengine mwaendesha Landcruiser zile ngumu zenye ekseli moja nzima mbele. Hizo hazina buti ya mpira pale kwenye gurudumu. Kiungo kimo ndani ya tufe la chuma, na sili ya mpira na ya sufi hupangusa tufe hilo. Utando mwembamba wa grisi juu ya tufe ni wa kawaida, tena wafaa, kwa kuwa huzuia kutu. Lakini ukiona uji mwepesi unadondoka, ujue sili ya ndani imekufa, na oili ya difu imeingia ikachanganyika na grisi. Andika, upeleke karakanani.

Kwa lori kubwa, tazameni sili ya habu. Grisi au oili ikionekana upande wa ndani wa gurudumu, huenda imekwisha kufika kwenye vibao vya breki ndani ya dramu. Lori la tani nyingi lenye vibao vilivyolowa lisiondoke kwenye yadi.

DAFTARI

Sasa nafika mahali ambapo Chama kinaingia. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mshahara nao ni mali.

Dereva akiona grisi akasema kwa mdomo tu, maneno yale hupeperuka. Baada ya mwezi kiungo kinavunjika, msimamizi anasema hakuambiwa, na dereva hana la kuonyesha. Kwa hiyo andikeni, tena andikeni hivi: tarehe na saa, namba ya gari na kilomita, upande gani, buti ya ndani au ya nje, kilichoonekana, kama kuna mlio au hapana, na aliyeambiwa. Kwa mfano: "Mbele kushoto, buti ya ndani, grisi kwenye klipu ndogo, mpira mzima, hakuna mlio, breki kavu. Nimemwambia msimamizi wa karakana asubuhi." Mistari miwili yatosha. Mwombe msimamizi atie sahihi. Akikataa, andika kwamba amekataa, na mwenzako aliyekuwapo atie yake. Weka nakili. Siku hizi simu nyingi zina kamera: piga picha ya buti na picha ya ukurasa.

SHERIA INASEMAJE

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yataja pesa ambazo mwajiri aweza kukata katika mshahara. Kwa habari ya mali iliyoharibika, yasema akate kiasi cha haki, na ni kwa uharibifu uliotokana na mfanyakazi kukosa kwa kusudi. Tafadhalini shikeni neno hilo: kwa kusudi. Mpira uliozeeka kwa jua na mashimo hukuuzeesha wewe. Tena kifungu hicho hicho chasema makato yote kwa mara moja yasipite theluthi mbili za mshahara. Ukikatwa bila haki, usigombane na karani. Lete karatasi kwa mjumbe wako wa Chama, naye ataonana na kampuni. Isipokubali, kuna Afisa wa Kazi, na kuna Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi.

Lakini sheria yatutazama sisi pia. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mfanyakazi atoe habari ya hatari anayoiona kazini. Na Sheria ya Trafiki, Sura 403, yakataza gari lililo hatari kutumiwa barabarani. Polisi akilisimamisha, atakayekuwa nyuma ya usukani ni wewe. Mwanachama aliyeona grisi akanyamaza ili asicheleweshwe, Chama kitamtetea kwa shida. Aliyeandika, tutasimama naye tukiwa na karatasi mkononi.

Kwa hiyo napendekeza kila tawi liombe kampuni yake mambo manne: daftari la ukaguzi katika kila gari, stendi za kutosha karakanani, akiba ya klipu na buti za magari yaliyopo, na dakika kumi za ukaguzi kila asubuhi zihesabiwe kuwa saa za kazi. Mambo hayo si ghali. Mwajiri mwenye akili ataona kwamba yanamwokolea pesa yeye mwenyewe.

MASWALI

Baada ya mazungumzo, wanachama waliuliza maswali. Haya ni baadhi yake.

Dereva mmoja aliuliza: Mzee, msimamizi akisema, "Hiyo ni grisi tu, nenda," nifanye nini?

Jibu: Ndugu yangu, inategemea umeona nini. Kama mpira ni mzima, breki ni kavu na hakuna mlio, pangusa, andika, uende. Klipu itafungwa ukirudi. Kama grisi imefika kwenye breki, au kiungo kinalia, mwambie kwa heshima kwamba hilo ni la hatari, liandike mbele yake, na umwite mjumbe wa Chama kabla gari halijatoka. Usipige kelele. Daftari lina sauti kubwa kuliko wewe.

Tanboi aliuliza: Je, twaweza kutoboa buti kidogo na kutia grisi kwa bomba, kisha tuzibe?

Jibu: Hapana, kijana wangu. Tundu ulilotoboa litakuwa mpasuko kesho. Kama grisi imepungua na iliyobaki ni safi, fungua klipu ndogo, sogeza mdomo wa buti, tia grisi ya aina ile ile, kisha ufunge kwa klipu mpya. Kama ukiisugua kati ya vidole yakwaruza, kuna mchanga. Hapo usiongeze kitu. Kiungo kifunguliwe na kuoshwa.

Makanika aliuliza: Mwenye gari akileta shafti iliyokwisha kutumika badala ya buti mpya, tuikubali?

Jibu: Itazameni kwanza, iwe imetoka Barabara ya Kirinyaga pale Nairobi au popote. Pindeni viungo vyote viwili kwa mkono: visikwame wala visichezecheze. Fungueni mikunjo mtafute nyufa. Mpira uliokaa ghalani miaka mingi huonekana mzuri ukiwa umelala, na hupasuka ukianza kazi. Mkiona una shaka, andikeni shaka yenu kwenye karatasi ya kazi kabla ya kuifunga, ili lawama isirudi karakanani.

Mwenyekiti alimshukuru msemaji, na mkutano ukakubali kwamba matawi yapeleke maombi yale manne kwa waajiri wao. Kila mjumbe aliombwa kuanza kesho yake asubuhi kwa kuuliza swali moja kwenye yadi yake: daftari la gari liko wapi?